Jina la Mji, Jina la Mbwa

Miji mingi ya Urusi haifai kuitwa kwa sauti kwenye kihamba. Jaribu mwenyewe. Simama kati ya migomba jioni, vuta pumzi, halafu ita, "Omsk!" Sauti inafia palepale, haifiki hata kwenye mbuni wa kwanza. "Pskov" ni kama mtu kapiga chafya. "Perm" inaanza vizuri, kisha inakufunga mdomo. Jina la mbwa linataka irabu mwishoni, linataka kuvutwa mpaka ng'ambo ya mfongo: Siiimbaaa, Popiii. Ndiyo maana mbwa wengi wa huku mlimani ni Simba, Popi, Tomi, Jimi, Bobi. Watu husema ni uvivu wa kufikiri. Mimi naona ni ufundi wa koo.

Kuna pia majina ya ujumbe, ambayo hayamhusu mbwa hata kidogo. Nimewahi kukutana na Mtajiju, na Sijali, na mmoja kule Kibosho aliyeitwa Hayakuhusu, ambaye mwenyewe alikuwa na tabia ya kumwita kwa sauti kubwa kila jirani fulani anapopita njiani. Mbwa hana habari, ametumwa tu. Tumeandika sana juu ya misemo ya kanga na maandishi ya kwenye daladala, na sijui kwa nini majina ya mbwa hayajapata mtu wa kuyaandikia tasnifu.

Nyumbani kwa wazazi wangu, Uru, hatukuwahi kufika huko. Mbwa wetu wote walikuwa Simba. Simba alipokufa alikuja Simba, kama wafalme, na huyu wa mwisho aliyekufa mwaka jana kwa uzee nadhani alikuwa wa nne. Ndizi zikaanza kukatwa usiku, kuku wawili wakapotea, na Desemba kaka yangu akaja na mtoto wa mbwa ndani ya boksi la mafuta ya kupikia. Mbwa wa kienyeji kabisa, wa kahawia, tumbo kubwa, masikio bado hayajaamua kusimama au kulala. Tulikuwa tumejaa nyumbani kama familia zote za huku wakati wa Krismasi. Baba akamwangalia yule mbwa, akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayeshinda na vitabu. Huyu usimwite Simba."

Jina nilikuwa nalo tayari. Nimekuwa nalo tangu utotoni, likisubiri mbwa. Voronezh.

Linatamkwa karibu na "Varonesh", mkazo ukiwa katikati na ile zh ya mwisho ikilainika kuwa sh. Mji wenyewe sijafika. Uko kusini mwa Moscow, kilometa zipatazo 500, kando ya mto wenye jina hilohilo, karibu na mto Don. Nimeujua kwa masikio, maana Baba aliishi huko tangu 1976 mpaka 1982: mwaka mmoja wa kujifunza Kirusi, mitano ya Taasisi ya Kilimo. Alikwenda kusomea udongo, na kwa mtu wa udongo Voronezh ni kama Makka. Ndiko kwenye ardhi nyeusi ile ambayo Warusi huiita chernozem. Vasily Dokuchaev, mwanasayansi aliyeifanya elimu ya udongo iwe elimu inayojitegemea, alichimba mchemraba wa meta moja wa udongo wa mkoa huo, ukapelekwa Paris kwenye maonyesho ya dunia mwishoni mwa karne ya 19, watu wakapanga foleni kuangalia udongo. Baba husimulia hilo kwa fahari kama vile aliubeba yeye. Udongo wetu wa volkano, anasema, una nguvu lakini una haraka, mvua moja kubwa umekwenda zake mtoni. Ule wa kule ni nyasi za maelfu ya miaka zilizooza kwa utulivu.

Sisi wanawe tulirithi mji huo bila kuulizwa. Alitufundisha herufi za Kirusi zikiwa mchezo wa siri, tukawa tunaandikiana matusi madogo ambayo Mama hawezi kusoma. Kwenye rafu kulikuwa na vitabu vya Kiswahili vilivyochapishwa Moscow na Progress na Raduga, karatasi nene, bei ya bure, na chini yake vile vya Kirusi ambavyo ni yeye tu aliyevifungua. Mimi nilipokua nikaanza kuusoma mji wenyewe, nikakuta una waandishi kupita kiasi. Ivan Bunin alizaliwa huko 1870, na ndiye Mrusi wa kwanza kupata Nobeli ya fasihi, 1933. Andrei Platonov alizaliwa huko 1899, na kabla hajawa mwandishi wa kutambulika alikuwa mhandisi wa maji, akizunguka vijiji vya mkoa huo miaka ya 1920 kuchimba visima na mabwawa baada ya ukame. Nikimsoma Platonov huwa nawaona wazee wa mfongo wa kwetu, wanavyobishana ni zamu ya nani kupata maji. Ukiniuliza mimi, ni mkubwa kuliko Bunin, lakini ugomvi huo tuuweke siku nyingine.

Na kuna Osip Mandelstam, ambaye alipelekwa Voronezh uhamishoni 1934 kwa sababu ya shairi alilomtungia Stalin, akakaa mpaka 1937. Mashairi aliyoyatunga huko mkewe Nadezhda aliyahifadhi kichwani, maana karatasi zilikuwa hatari. Katika mojawapo Mandelstam alilichezea jina la mji wenyewe. Ndani ya Voronezh alisikia *voron*, yaani kunguru, na *nozh*, yaani kisu. Mtu amefungiwa mjini, hana ruhusa ya kutoka, kilichobaki ni kulipasua jina lake aone kilichomo.

Lakini kilichonifanya nitake jina hilo kwa mbwa ni mbwa. Gavriil Troepolsky, mwandishi wa Voronezh ambaye naye alianza kama bwana shamba, alitoa mwaka 1971 riwaya ya mbwa wa kuwindia aliyezaliwa na rangi isiyo yake. Uzao wake unatakiwa uwe mweusi, yeye ni mweupe mwenye sikio moja jeusi, kwa hiyo kwa wenye mbwa ni takataka. Anachukuliwa na mzee mmoja, mstaafu wa vita, mwenye kipande cha chuma karibu na moyo. Mzee anapelekwa Moscow kupasuliwa. Bim, maana ndilo jina la mbwa, anaanza kumtafuta mjini, mlango kwa mlango. Filamu yake ilitoka 1977, Baba akaiona kwenye sinema ya huko mwaka wake wa pili, ukumbi mzima ukilia, na yeye, kijana wa Uru aliyekuzwa akijua kwamba mbwa hulala nje na hakuna mjadala, akilia nao. Tangu 1998 Bim ana sanamu yake ya chuma pale Voronezh, mbele ya ukumbi wa michezo ya vibaraka. Ameketi chini, usawa wa mtoto, na watoto humshika masikio.

Baba alitusimulia hadithi hiyo usiku umeme ukikatika. Kwa simulizi yake mzee alirudi, akamkuta Bim kituo cha treni, wakaenda nyumbani. Nilipokuja kukisoma kitabu kwa Kiingereza nikiwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba mzee alirudi kweli, ila Bim alikuwa ameshafia ndani ya gari la wakamata mbwa, amekwangua mlango kwa ndani. Nilimpigia Baba simu usiku huohuo. Akasema, "Mlikuwa wadogo." Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa mbali na nyumbani."

Basi, nikalitaja lile jina mezani. Baba akatabasamu mpaka jino lake la pembeni likaonekana. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua kichwa.

"Hilo halitaitwa hapa."

Tukadhani ni utani. Mama hapendi mbwa kuingizwa kwenye mambo ya watu, tukajua ni hilo. Kaka akaanza kumweleza habari za Bim. Mama akaweka kisu chini.

"Mimi niliolewa nikaukuta mji huo ndani ya nyumba," alisema. "Umekaa sebuleni, nyinyi mmezaliwa umekaa, bei ya kahawa imepanda imeshuka umekaa. Sasa uje mpaka jikoni? Na mimi ndiye niuite, nikitaka kuupa chakula?"

Hapo ndipo mtu aliyesoma vitabu anapogundua kwamba hajasoma nyumba yake. Tulikuwa tukijua kwamba zamani zilikuja barua. Hata mimi nazikumbuka kidogo, bahasha zenye stempu za CCCP, ambazo Mama alizisoma "sisisipi" na Baba kila mara akamsahihisha kwamba hiyo ni SSSR. Hatukujua kwamba Mama alikuwa amekariri umbo la neno moja, lililokuwepo kwenye kila bahasha upande wa mtumaji. Hakulijua kusoma. Kwa macho ya mtu wa alfabeti yetu, Воронеж ni "Bopohe" na kitu kama mdudu mwishoni. Miaka yote hiyo, Baba akisema "kule Voronezh," Mama moyoni mwake alikuwa anaitika Bopohe, na Bopohe ilikuwa mji wenye mtu.

Baba alinyamaza. Ni mtu anayenyamaza vizuri.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta miji mingine, maana wazo la mji wa Urusi lilikuwa limeshatuingia na tuna ukaidi. Siku mbili tatu nyumba ikawa kama darasa la jiografia. Mdogo wangu alitaka Ufa, mji mkuu wa Bashkortostan. Fupi, linavutika, lina irabu. Lakini hebu fikiria mbwa wa ulinzi anaitwa Ufa. Ni kumwambia mwizi kwamba ukuta wenyewe umeshapasuka. Tula, mji wa samovari, jirani na shamba la Tolstoy, lilishindwa kwa sababu mbwa hatajua kama ameitwa au ameambiwa atulie. Kazan nililipenda, ila mbwa akiitwa utadhani mtu anahimizwa kwenda kazini, na Baba naye akakataa kwa sababu zake: ni mji ambao Tolstoy aliacha chuo bila kumaliza, na yeye watoto wake amewasomesha wamalize. Penza lilitajwa na mdogo wangu wa kike, akacheka, "Penza, penzi." Mama akainua macho. Likafa hapohapo.

Samara ndilo lililokaribia. Mji wa kando ya Volga, irabu tatu zilezile, kama vile liliundwa kwa ajili ya kihamba. Kaka akatoka uani kulijaribu. Dakika haikuisha, mzee jirani yetu akasimama kwenye ua wa masale akiuliza, kwa adabu lakini kwa uso uliokunjamana, kwa nini tunamwita mbwa Samora. Huyu ni mzee wa rika la Baba, aliyekua akisikiliza redio ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Samora Machel kwake si jina la barabara ya Dar es Salaam tu. Kaka akaeleza, Samara, mzee, ni mji. Mzee akajibu kwamba masikio yake yanasikia Samora na hata ya majirani wengine yatasikia hivyohivyo. Hakukuwa na rufaa.

Mtu mmoja wa nyumbani aliuliza pia kama huu ni wakati wa kumpa mbwa jina la mji wa Urusi, na vita hivi vya Ukraine. Ni swali la haki, Voronezh yenyewe haiko mbali na mpaka. Nilimjibu kwamba mji ninaoupenda mimi ni ule uliompokea Mandelstam akiwa ametupwa na serikali, na mji huo haujawahi kunitaka niipende serikali yoyote. Akasema sawa, lakini mbwa atajuaje. Hilo sikuwa na jibu.

Swali lililonikaa zaidi ni jingine. Kumwita mbwa kwa jina la mji unaoupenda, ni heshima au ni tusi? Kwenye Kiswahili chetu mbwa ni tusi kabla hajawa mnyama. Ukimpa mbwa jina la mtu, ukoo unaweza kukutana. Kwa jirani Mwislamu kuna na suala la najisi, kwa hiyo hata jina la mahali unalichagua kwa kuangalia huku na huku. Wanaoipenda fasihi ya Kirusi huwa tunajisahau hapa, kwa sababu kule mbwa wana hadhi ya wahusika. Chekhov alikuwa na vijibwa viwili vya miguu mifupi pale Melikhovo, akawaita Brom na Khina. Alikuwa daktari; ni majina ya dawa. Khina ni kwinini. Mimi niliyenyweshwa kwinini utotoni nikatapika na kunyweshwa tena, siwezi kufikiria kumwita kwa jina hilo kiumbe ninachokipenda. Lakini ndiyo Chekhov, upendo wake una uchungu kidogo ndani. Huyohuyo, kwenye hadithi ya Kashtanka ya 1887, anamfanya mbwa apotee, aokotwe na mchekeshaji wa sarakasi na kupewa jina jipya, Shangazi. Mbwa anazoea jina jipya, anakula vizuri kuliko kwao, anafundishwa kazi. Siku anasikia jina lake la zamani likiitwa kutoka kwenye viti vya juu vya sarakasi, anaacha vyote anakimbia.

Na kuna Mumu ya Turgenev, 1854. Gerasim, mtumwa wa shamba, ni bubu. Anaokota mbwa mtoni. Atamwita nani, na mdomo wake hauwezi kutamka jina lolote? Anampa sauti pekee anayoiweza, mu-mu. Sijui kama kuna jina la mbwa lililochaguliwa kwa sababu ya haki zaidi kuliko hilo. Halikuchaguliwa kwa uzuri, wala kwa maana. Lilichaguliwa kwa mdomo wa atakayeliita.

Nilikuwa nawaza hayo jikoni, nikimwangalia Mama akimchanganyia yule mtoto wa mbwa ugali wa dona na dagaa. Mlishaji ni yeye. Nyumba nzima ilikuwa inabishana juu ya jina ambalo mwitaji wake mkuu ameshalikataa.

Baba naye hakukata tamaa, ila alipita njia ya mbali. Jioni, mlima umefunguka na Kibo iko wazi, akaanza kutuhubiria majina. Alipofika Urusi ramani ilikuwa na Leningrad. Mji huo ulianza Saint Petersburg 1703, ukawa Petrograd 1914, Leningrad 1924, na 1991 ukarudi ulikotoka. Tsaritsyn ikawa Stalingrad, Stalingrad ikawa Volgograd Novemba 1961. Mwezi uliofuata Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera juu kule, akatuonyesha kwa fimbo, kwenye kilele ambacho Hans Meyer alikuwa amekipa 1889 jina la Kaisari Wilhelm, na ambacho leo ni Uhuru. Majina yanahama, alisema, hayamilikiwi. Na kama ni Urusi, mbona Urusi iko mlimani siku zote? Ile kreta ndani ya Kibo inaitwa Reusch, kwa ajili ya mchungaji Richard Reusch wa Walutheri, ambaye alizaliwa Urusi kwenye jamii ya Wajerumani wa huko, akaja kuhubiri huku na kupanda mlima mara nyingi. Ndiye aliyemkuta chui aliyeganda kwenye barafu mwaka 1926, yule ambaye miaka kumi baadaye Hemingway alimweka mwanzoni mwa hadithi yake. Inasimuliwa alimkata kipande cha sikio, awe na ushahidi.

Mama alisikiliza yote. "Huyo mchungaji yuko juu kwenye barafu," alisema. "Huyu atalala kwenye kuni zangu."

Kisha akaingia ndani. Tulisikia sanduku la bati likifunguliwa, lake, lile la kanga na vyeti vya ubatizo. Akarudi na picha, akaiweka mezani mbele yangu, si mbele ya Baba.

"Wewe unasoma maandishi yao. Nisomee. Mimi huyu Mowu nimekaa naye tangu 1986."

Picha nyeusi na nyeupe. Mwanamke kijana wa koti refu na kofia ya manyoya, theluji hadi kwenye vifundo vya miguu, amepakata kijibwa chenye manyoya hadi machoni. Anacheka na mtu anayepiga picha. Nyuma yake, kwa wino wa bluu, neno moja na mwaka, 1983. Mwaka mmoja baada ya Baba kurudi. Mama aliikuta ndani ya kitabu cha udongo mwaka uliofuata harusi yao, akaichukua, na Baba hakuwahi kuiulizia. Watu wawili wameishi karibu miaka arobaini, mmoja anajua picha haipo kitabuni, mwingine anajua ilipo.

Neno lile, kwa mwandiko wa haraka, kweli kabisa lilisomeka Mowu. Lakini ile kama w ni ш, herufi yetu ya sh, na ile kama u ni и, ambayo ni i.

"Mama," nikasema, "hapa pameandikwa Moshi."

Hakuna aliyesema kitu. Nje yule mtoto wa mbwa alikuwa anapigana na ndala.

"Moshi ya wapi?" Mama akauliza.

"Moshi. Hii."

Akamgeukia Baba. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza. Baba akasafisha koo. "Ni jina la mbwa," alisema. "Alimwita Moshi. Ndiyo habari iliyokuwa kwenye barua."

"Na huyo aliyemshika?"

Baba akaangalia picha kwa muda ambao sisi watoto tuliona ni mrefu.

"Mwenye mbwa," akasema.

Nimelifikiria sana jibu hilo, na ningependa kuwaambia kwamba kuna maelezo zaidi. Hayapo. Mama hakuyaomba. Kilichomshika kilikuwa kitu kingine, na kilimpanda taratibu, tukiona.

"Yaani kule Bopohe," alisema, "kulikuwa na mbwa anaitwa Moshi. Akiiba nyama, 'Moshi, toka!' Akichafua ndani, 'Moshi, nitakupiga!' Mji wangu. Mimi nimezaliwa hapo Mawenzi hospitali."

Kaka akajaribu kusema kwamba kwa Warusi ni heshima, kwamba inaonyesha alivyo... Mama akamkatisha kwa mkono.

"Mleteni huyo mbwa."

Akaletwa. Mama akamshika kidevu, kama anavyowashika wajukuu wanapofika kutoka Dar.

"Wewe ni Voronezh," akamwambia. "Na hapa utaniheshimu."

Wiki ile ya kwanza nyumba ilisikia mengi. Voronezh, ondoka kwenye unga. Voronezh, huna akili. Voronezh, mlafi wewe, umekula mpaka maganda. Mama alilitamka jina kwa ladha, silabi zote, hakulifupisha hata mara moja, na aliliita hasa Baba akiwa anakunywa chai barazani. Baba alikuwa anajificha nyuma ya gazeti. Ulimi wa Uru ulilifanyia kazi yake: lile jina lilipata i mwishoni, Voroneshi, na kwa i hiyo linafika hadi ng'ambo ya mfongo bila shida. Mzee jirani ameridhika nalo. Anadhani ni la Kifaransa.

Niliporudi tena Uru, Pasaka, sauti ilikuwa imebadilika. Sina tarehe ya mabadiliko. Masikio yamesimama, moja tu, lingine limegoma. Analala kwenye kuni kama ilivyotabiriwa. Mama alikuwa anatoka kanisani, misa ya kwanza, na kabla hajafika getini aliita, si kwa hasira wala kwa mzaha, kama unavyoita mtu wa nyumbani kujua kama yupo. Baba alikuwa amekaa barazani. Wote wawili, yeye na mbwa, waliinua kichwa.

Kabla sijaondoka Mama alitaka nimpige picha na mbwa kwa simu, mbele ya mbuni uliokuwa umechanua baada ya mvua. Akajifunga kitenge kipya. Akataka isafishwe, iwe ya karatasi, si ya kwenye simu, nikaipeleka studio mjini, nikamrudishia wiki iliyofuata. Aliiangalia, akaigeuza nyuma, akanipa kalamu.

"Andika jina lake. Kwa yale maandishi yao, halafu mwaka."

Nikaandika Воронеж, nikaandika mwaka. Akaomba nimwonyeshe herufi moja moja, ipi ni v, ipi ni r, akafika kwenye ile kama mdudu akaniuliza inasomekaje, akaitamka mara mbili. Kisha akaiweka kwenye sanduku la bati juu ya ile nyingine, picha kwa picha, akafunga, na ufunguo akaurudisha kwenye pindo la kitenge chake.